Mcheza Kwao Hutunzwa

Tarehe 24 Januari 2010, katika ukumbi wa Red Rock mjini Las Vegas, Kelly Kulick alicheza fainali ya Kombe la Mabingwa la bolingi dhidi ya Chris Barnes. Barnes hakuwa mzee aliyeletwa kunogesha tamasha. Alikuwa na miaka 39, alikwisha kulitwaa kombe hilohilo mwaka 2006, na misimu michache tu nyuma chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kilimtangaza mchezaji bora. Mchezo ulipokwisha ubao ulisomeka 265 kwa 195. Mia mbili sitini na tano zilikuwa za mwanamke.

PBA ilianzishwa mwaka 1958. Kwa zaidi ya nusu karne hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushinda taji la mzunguko wake wa mashindano.

Wengi wetu bolingi tunaijua kama shughuli ya sikukuu ya kuzaliwa, kwenye kumbi chache za Nairobi na Dar es Salaam, ambako mtoto anasukuma tufe kwa mikono miwili na ukoo mzima unashangilia pini mbili zikianguka. Kwa hiyo hizo namba zataka maelezo. Mchezo una raundi 10, na kila raundi una nafasi ya kubiringisha tufe mara mbili ili kuangusha pini 10. Ukiziangusha zote kwa tufe la kwanza umepiga straiki: unaandikiwa 10 pamoja na chochote utakachopata kwa matufe mawili yanayofuata. Ukizimaliza kwa tufe la pili ni spea, na nyongeza yako ni ya tufe moja. Anayepiga straiki 12 mfululizo, yaani katika raundi zote 10 na kwa matufe mawili ya nyongeza, anapata 300, na juu ya hapo hakuna kitu. Basi 265 ni mchezo wa mtu ambaye karibu hakukosea. Na ile 195 ya Barnes, ambayo mimi na wewe tungeitolea hadithi hadi mwakani, siku ile ilikuwa alama ya mtu aliyeachwa mbali.

Ushindi kama huu huwafanya watu wakumbuke mara moja mwaka 1973, Billie Jean King alipomfunga Bobby Riggs katika tenisi mbele ya umati wa Astrodome, Houston. Mimi mfano huo siupendi sana. Riggs alikuwa na miaka 55, ubingwa wake ulikuwa wa enzi za vita vya pili vya dunia, na mechi yenyewe ilikuwa maonyesho yaliyotengenezwa yauzwe. Ya Las Vegas yalikuwa mashindano ya kawaida ya kazi. Barnes alikuja kutafuta mkate wake kama alivyozoea, na Kulick naye vilevile. Hakuna aliyeandaa pambano la jinsia mbili. Ratiba tu iliwakutanisha.

Lakini ratiba hiyo ilimpataje? Hapo ndipo ninapokwama kila nikiirudia habari hii, maana wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, na Kelly Kulick siku ile hakuwa kwao. Alicheza kwa watu kwa sababu kwao palikuwa pameshabomoka.

Alizaliwa Machi 1977 na kukulia Union, New Jersey. Aliichezea timu ya chuo kikuu cha Morehead State, jimboni Kentucky, kisha mwaka 2001 akajiunga na PWBA, chama cha wanawake wanaocheza kwa malipo, na akamaliza msimu akiwa chipukizi bora. Mwaka 2003 alishinda US Women's Open, shindano ambalo mchezaji wa kike wa Marekani hulihesabu kuwa la juu kabisa. Mwaka huohuo PWBA ikaishiwa fedha na mzunguko wake ukafa. Bingwa hakuwa na mahali pa kulinda ubingwa wake: US Women's Open yenyewe haikuchezwa tena hadi 2007. Kulick akarudi New Jersey akafanya kazi katika gereji ya baba yake, wanakonyoosha bodi za magari yaliyogongwa.

Sababu za kufa kwa mzunguko ule zinaanzia mbali na kumbi zenye kamera. Robert Putnam, mtaalamu wa siasa wa Harvard, aliandika kitabu kizima akianzia na jambo hili. Kati ya 1980 na 1993, alionyesha, idadi ya Wamarekani wanaocheza bolingi iliongezeka kwa asilimia 10, huku wale wanaocheza katika ligi wakipungua kwa asilimia 40. Watu hawakuuchoka mchezo, walichoka kupangiwa Jumanne saa mbili usiku na majirani zao. Putnam alihofia demokrasia ya nchi yake, na huenda alikuwa na haki. Mimi nawafikiria wanawake wa mzunguko wa kulipwa, ambao watazamaji wao walikuwa hasa wale wa Jumanne: mama aliyevaa fulana ya timu ya kiwandani, mwenye viatu vyake mwenyewe vya bolingi ndani ya gari, anayejua tofauti ya straiki ya bahati na straiki ya mkono. Huyo akishaacha ligi, mdhamini hana wa kumtangazia biashara. Wanaume nao walitikisika, ila wao walikuwa na televisheni na wenye fedha wa kuwashika. Wanawake walikuwa juu ya tawi la mwisho.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana bila hiyo huwezi kujua bingwa anapoteza nini akikosa mashindano.

Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60, yaani mita 18 na ushee. Njia ina upana wa mita moja na sentimita chache, na imegawanyika katika mbao nyembamba 39. Mtazamaji anaona mbao zinazong'aa. Mchezaji anawaza mafuta. Kabla ya mashindano mashine hupita njiani ikipaka tabaka jepesi la mafuta, ikianzia mbele na kuishia kabla ya kufika kwenye pini, na mafuta hayo ukiyatazama kwa macho huyaoni vizuri. Penye mafuta tufe linateleza. Likifika pakavu linashika mbao na kukata kona. Ustadi wote uko katika kujua litakata wapi. Anayetumia mkono wa kulia analitaka liingie katikati ya pini ya kwanza na ya tatu, kwa mshazari wa kama digrii sita. Katika straiki safi kabisa tufe lenyewe linagusa pini nne tu, ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya tisa. Sita zilizobaki zinaangushana zenyewe.

Tatizo ni kwamba kila tufe linalopita linafuta mafuta kidogo na kuyahamisha. Njia uliyoikuta saa tatu asubuhi si ile ya saa tano. Mchezaji wa kulipwa anasogeza miguu ubao mmoja au miwili kushoto, anabadili tufe (begi lake lina matufe kadhaa, kila moja na ngozi yake), anapunguza kasi, anaongeza kidogo mzunguko wa vidole. Hakuna anayemwambia. Anasoma jinsi tufe lilivyogeuka, na jinsi ile pini ya kumi ilivyobaki imesimama pale pembeni ikimkejeli. Tufe linaweza kufika kilo 7.26, lakini uzito ndio shida ndogo kuliko zote.

Tena kuna siri ambayo kumbi za mtaani haziisemi kwa sauti. Mafuta ya siku za kawaida hupakwa kwa huruma: mengi katikati, pembeni pakavu. Ukikosea kuelekea nje, ukavu unakurudishia tufe. Ukikosea kuelekea ndani, mafuta yanalizuia lisigeuke mapema. Ndiyo maana kila ukumbi una fundi wake wa mtaa anayejiona angeweza kuwatia adabu wale wa kwenye televisheni. Kwenye mashindano ya kulipwa mafuta hutandazwa kwa usawa zaidi kutoka ukingo hadi ukingo, na kosa la ubao mmoja halina wa kulisamehe.

Sasa mweke hapo mwanamke anayeshinda gereji mchana na kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa jirani jioni. Mkono wake haujasahau. Timu ya taifa ipo, na mashindano machache yapo. Lakini kusoma mafuta magumu, wiki baada ya wiki, dhidi ya watu wanaosoma haraka kuliko wewe, ni jambo ambalo mtaani halipatikani hata kwa fedha. Wanaosema kipaji hakifi wamezungumza kuhusu kipaji. Ufundi ni habari nyingine, huo unataka mahali pa kufanyiwa kazi kila wiki.

Mwaka 2004 PBA iliwafungulia wanawake mlango wa uanachama. Mwaka 2005 Liz Johnson akawa mwanamke wa kwanza kufika fainali ya PBA iliyoonyeshwa kwenye televisheni, akafungwa na Tommy Jones. Mwaka 2006 Kulick akapita katika majaribio, mwanamke wa kwanza kupata nafasi ya kucheza msimu mzima bila kugombea kila wiki kuingia. Akacheza msimu ule, hakufanya vizuri vya kutosha, nafasi ikaondoka. Sioni aibu hapo. Wanaume wengi wameingia kwa mlango huo na kutoka kwa mlango huo, na majina yao hakuna anayeyakumbuka. Yeye jina lake likabaki kwa sababu kila kosa lake lilihesabiwa kuwa kosa la wanawake wote.

Mwaka 2007 alishinda USBC Queens, shindano jingine kubwa la wanawake. Mwaka 2009 akachukua ubingwa wa dunia wa wanawake ulioandaliwa na PBA yenyewe, na zawadi mojawapo ilikuwa tiketi ya Kombe la Mabingwa. Hivyo ndivyo ratiba ilivyompata Barnes.

Kuna jambo la Barnes ambalo linanifurahisha. Mkewe, Lynda, alikuwa mchezaji wa kulipwa katika mzunguko uleule wa PWBA uliokufa, na alilitwaa taji la Queens mwaka 1998. Chris Barnes kwa hiyo alikuwa pengine mwanamume wa mwisho ukumbini kuhitaji kuambiwa kwamba mwanamke anajua kubiringisha tufe. Nyumbani kwake jambo hilo lilikuwa limeshaamuliwa zamani.

Na si nyumbani kwake tu. Swali la kama mwanamke anaweza kumshinda mwanamume katika mchezo huu lina jibu lenye zaidi ya miaka 90, na ni ajabu jinsi linavyoulizwa upya kila kizazi kana kwamba limezuka jana. Mwaka 1916 wanawake 40 walikutana St. Louis wakaunda chama chao, kwa kuwa kile cha wanaume, kilichoanzishwa 1895, hakikuwataka. (Vyama vyote viwili, tuseme ukweli, viliwafungia nje watu weusi hadi 1950. Mlango wa wanawake ulikuwa wa wanawake weupe.) Mwaka 1927 Floretta McCutcheon wa Pueblo, Colorado, alikaribishwa acheze na Jimmy Smith, bingwa aliyekuwa akizunguka Marekani akitoa maonyesho. McCutcheon alikuwa ameuanza mchezo mwaka 1923, akiwa mke na mama wa miaka 35. Michezo mitatu ilipojumlishwa, Smith alikuwa na 697. Bi McCutcheon alikuwa na 704.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachomtofautisha. Hakukaa Pueblo akisubiri kuitwa kwenye pambano jingine. Alifungua madarasa ya bolingi kwa wanawake, akasafiri mji hadi mji akifundisha, na wengi aliowafundisha wakaingia katika ligi za miji yao. Alielewa kwamba 704 ni habari ya siku moja ya gazeti.

Kisha akaja Marion Ladewig wa Grand Rapids, Michigan. Alianzia softiboli, mwenye ukumbi wa bolingi akauona mkono wake akamvuta ndani. Ladewig alitajwa mchezaji bora wa mwaka mara tisa. Katika mashindano ya All-Star ya mwaka 1951, siku moja, alicheza michezo minane akapata 255, 279, 247, 227, 247, 224, 255 na 247. Jumla 1,981, wastani unaokaribia 248, na ukumbini siku ile hapakuwa na mtu, mwanamume au mwanamke, aliyefikisha hivyo. PWBA ilipoandaa shindano lake la kwanza mwaka 1960, yeye ndiye aliyelishinda. Aliishi miaka 95. Alifariki Aprili 2010, chini ya miezi mitatu baada ya Kulick kushinda Las Vegas.

Ladewig hakulazimika kumfunga mwanamume yeyote kwenye fainali ili ajulikane. Alikuwa na mashindano yake, wapinzani wake na mshahara wake. Ukitazama hivyo, ushindi wa 2010 unaonyesha pia kitu kilichopotea: mwanamke aliyekuja nyuma yake kwa miongo kadhaa alihitaji kufanya lisilowahi kufanywa ili apate kile Ladewig alichokuwa nacho tayari.

Kulick alipewa dola 40,000 na nafasi ya kucheza mzunguko wa PBA kwa miaka miwili. Magazeti na televisheni ambazo hazijawahi kuandika neno kuhusu bolingi zilimtafuta. Mwaka huohuo akashinda US Women's Open mara ya pili, na mwaka 2012 mara ya tatu, katika fainali zilizochezwa nje, barabarani, chini ya lile lango la taa la mji wa Reno. Taji jingine la PBA dhidi ya wanaume hakulipata. Mwanamke wa pili kushinda taji kama hilo alikuwa Liz Johnson, mwaka 2017, yule aliyefungwa katika fainali miaka 12 kabla.

Nikisikia mtu akisema Kulick "alivunja ukuta", huwa nauliza waliopita nyuma yake ni wangapi. Katika miaka saba, mmoja, naye alikuwa ukutani kabla yake. Simlaumu Kulick hata kidogo. Alicheza kila mchezo uliokuwa mezani. Nawalaumu waliofurahia hadithi ya mwanamke mmoja miongoni mwa wanaume kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuwalipia wanawake 60 msimu mmoja.

Kuna kichekesho kingine cha miaka ile, ambacho hakichekeshi. Mwaka 2004, PWBA ikiwa kaburini haijafikisha hata mwaka, chama cha michezo ya vyuo vikuu cha Marekani, NCAA, kiliandaa ubingwa wake wa kwanza wa bolingi ya wanawake. Bolingi ya wanaume hadi leo haimo. Sheria ya mwaka 1972 inayodai usawa katika elimu, michezo ya vyuo ikiwemo, iliwasukuma wakuu wa vyuo kutafuta michezo ya wasichana isiyo na gharama kubwa, na bolingi ikafaa. Basi wasichana wakaanza kupata ufadhili wa masomo kwa ajili ya kazi ambayo, wakihitimu, haipo. Walifundishwa kusoma mafuta magumu, wakapimwa, wakapewa medali, kisha wakaambiwa asanteni.

Hata hivyo vyuo ndivyo vilivyoutunza ufundi. Shannon O'Keefe, mchezaji bora wa PWBA mwaka 2018 na 2019, alikuwa wakati huohuo akifundisha timu ya chuo kikuu cha McKendree, Illinois, na timu hiyo ilitwaa ubingwa wa NCAA mwaka 2017 na 2022. McCutcheon angemtambua papo hapo. Mwalimu anayecheza na mchezaji anayefundisha ni aina ya mtu ambaye mchezo huu umeishi juu ya mabega yake tangu Pueblo, na mara nyingi amekuwa mwanamke.

PWBA, nimeitaja hapo kana kwamba haikufa. Ilifufuliwa mwaka 2015, kwa fedha za chama cha mchezo na chama cha wenye kumbi, na wachezaji wakaja kutoka Singapore, Malaysia, Colombia na Ulaya. Kelly Kulick alikuwa miongoni mwa waliorudi. Mzunguko ulipomfia alikuwa na miaka 26. Uliporudi alikuwa na miaka 38.